Risasi Zinenepe Kidogo Tu

Jumatatu, 6 Oktoba

Aibu! Aibu tupu! Leo nimepiga gobori la babu mbele ya nusu ya chama cha walenga shabaha, na risasi zimetoboa karatasi kwa ubavu, kama samaki waliolala sahanini. Shemeji yangu Clovis, kaka yake mke wangu, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto: "Shemeji, unapiga risasi au unarusha vijiko?" Watu wakacheka. Hata mchungaji.

Si jambo dogo. Baba mkwe, mzee Hobart, magoti yamemkatalia kupanda mlima. Ametangaza kwamba kibanda chake cha kuwindia, kile cha juu kabisa ambako kulungu hupita kila msimu kama walioitwa, atampa mmoja wetu: Clovis au mimi. Atakayelenga vizuri zaidi kwenye mashindano ya Jumamosi. Kibanda kile nimekitamani tangu siku ya harusi. (Oneida nilimpenda pia.)

Ugonjwa naujua. Mtutu umelika kwa uzee. Risasi zinazotoka kwenye kalibu ya babu, kile chuma cha kumiminia risasi, ni nyembamba, zinachezacheza humo ndani. Fundi wa bunduki mjini amesema niagize kalibu ya saizi yake, nisubiri. Kusubiri! Nitazinenepesha mwenyewe.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimebandika utepe mwembamba wa bati kati ya vipande viwili vya kalibu ili visibane sawasawa. Nafasi ikabaki, risasi ikanenepa. Rahisi hivyo! Sijui kwa nini mafundi hujifanya wanajua mambo makubwa.

Tatizo: madini ya risasi niliyayeyushia jikoni, kwenye kikaango cha chuma. Oneida akarudi mapema kutoka kwa jirani. Akasimama mlangoni. Akauliza, taratibu mno, kama kile ni kikaango cha marehemu mama yake. Nikasema kitaoshwa. Akasema sumu ya risasi haioshwi, na kwamba kikaango kile kimeoka mkate wa mahindi tangu kabla yeye hajazaliwa. Kisha akanyamaza. Ukimya wake naujua. Afadhali angenirushia kitu.

Nimehamishiwa nyuma ya banda, mimi na jiko la mkaa.

Lakini risasi! Zimetoka na vibawa pembeni, nikavikata kwa kisu. Jioni nimezijaribu. Matundu ya duara! Yamekaa karibu karibu! Mimi ni fundi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepita uwanjani kwa bahati tu (nilijificha nyuma ya gari la zimamoto). Clovis anafanya mazoezi. Matundu yake yote yanafunikwa na kikombe cha chai. Yangu yanahitaji sahani.

Nikafikiri. Kama unene kidogo umenisaidia kidogo, unene zaidi utanisaidia zaidi. Hesabu haidanganyi.

Utepe wa pili: risasi zikatoka kama mayai. Nikatupa utepe. Nikapaka risasi moja dawa ya kusugulia vali za injini, ile yenye chembechembe, nikaifunga kwenye keekee, nikaizungusha ndani ya kalibu ili tundu lipanuke. Ikalia vizuri. Mchanganyiko ukawa mweusi, chuma kikaanza kulika, nami nikaanza kuimba. Niliimba nyimbo nyingi. Pengine zilizidi.

Risasi mpya zinang'aa na zimeshiba. Ukiweka moja kiganjani, unahisi umesalimiana na mtu mwenye cheo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Haziingii. Yaani zinaingia, ila kwa nyundo ya mbao. Moja niliishindilia mpaka jasho likanitiririka mgongoni. Hatimaye ikafika chini, ikakaa juu ya baruti. Nikalenga. Kishindo! Majani yakadondoka. Bega langu likahama.

Lakini imepiga katikati! Katikati kabisa! Moja inatosha kuthibitisha.

Mezani Oneida akauliza, maneno yake ya kwanza tangu juzi, kwa nini nakula kwa mkono wa kushoto. Nikasema nafanya mazoezi ya akili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Nimemnunulia Oneida kikaango kipya mjini, kizuri, kizito. Akakigeuza juu chini. Akasema kikaango kipya hakijui kitu.

Kesho nitakuwa mwenye kibanda. Atanisamehe kwa supu ya kulungu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bega bado linauma. Naandika hivyo hivyo.

Uwanja wa zimamoto ulijaa. Maharage, mikate ya mahindi, mzee Hobart kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini. Clovis akapiga vizuri kama kawaida yake. Zamu yangu. Nikatia baruti, nikatia risasi, nikashindilia. Ikafika nusu ya mtutu. Ikagoma.

Nikatwanga kwa nyundo. Wapi! Nikatwanga tena. Ufito wa kushindilia ukapinda. Mzee mmoja akauliza kama nachimba kisima. Masikio yakawaka moto. Nikajiambia: baruti iko chini, risasi iko katikati, nikifyatua, moshi utaisukuma itoke. Nikavuta ufito. Nikaweka fataki, ile ya kuwashia baruti. Nikainua bunduki shavuni.

Sikumwona Clovis akija. Nilimsikia tu: "Virgil! Shusha! Shusha hiyo!" Akaupiga mtutu kuelekea juu, tukaanguka wote wawili matopeni, yeye juu yangu, na mkono wake umebana nyundo ya gobori isidondoke kwenye fataki. "Una wazimu? Mtutu ungepasuka usoni mwako! Unataka dada yangu awe mjane Jumamosi mchana kweupe, watu wanakula?"

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja.

Akaitoa fataki, akamimina maji mpaka baruti ikalowa. Walipoitoa risasi kwa parafujo, akaipima na ya kwake, akanitazama. Akaniwekea yangu kiganjani. Hilo lilikuwa baya kuliko mzaha wa vijiko.

Oneida akaja mbio, mweupe kama unga. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, kama anahesabu macho. Akanikumbatia. Kisha akanipiga bega. Lile lile. Sikulalamika. Nina macho! Nina pua! Maharage yalikuwa matamu kuliko yote niliyopata kuonja, na sijui kwa nini machozi yalinitoka.

Kibanda ni cha Clovis. Haki yake. Mzee Hobart akasema mkwe aliye hai bila kibanda ni afadhali kuliko mkwe mfu mwenye kibanda. Akafikiri kidogo, akaongeza: "Kidogo tu."

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani nimeimba kwa nguvu zote. Kwenye kifungua kinywa, Oneida alinipa yai la ziada.

Mchana Clovis akanipandisha hadi kibandani. Akasema msimu huu tutakaa wote wawili, shemeji, maana hataki kuniacha peke yangu na chombo chochote. Akanitaka niahidi kwamba sitagusa kalibu tena maishani. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote. Nimejifunza. Mtu akiponea chupuchupu hivi, akili humkaa sawa.

Kibanda ni kizuri, kimesimama juu ya nguzo kama mfalme. Ila dirisha. Dirisha ni jembamba kwa watu wawili. Si sana. Clovis alipoteremka kufuata chai nimelipima kwa shubiri. Likipanuliwa kidogo tu upande wa kulia, tutaona bonde lote. Kuna nguzo moja imesimama njiani hapo. Nimeitikisa. Sidhani kama ina kazi yoyote.

Kesho Clovis yuko kazini. Msumeno ninao.