Paa la Madhabahuni na Nyumba ya Tithe Lane

Jumatatu, 4 Februari
Ofa yetu imekubaliwa! Nyumba ya mtaa wa Tithe Lane! Vyumba vitatu, bustani, na mlango wa mbele usio wa mama mkwe. Tangu tuoane, mimi na Glenys tunalala chumba cha nyuma kwa mama yake, tukipangiwa saa ya kuoga. Glenys alilia kwa furaha huku akiosha vyombo. Amesema nyumba hii ikituponyoka, hana nguvu ya kutafuta nyingine. Haitaponyoka. Ninayesimamia ni mimi.

Kilichobaki ni kupata wakili wa mauziano. Shemeji Royston, kaka yake Glenys, alikuja kunywa chai bila kualikwa. Akatukumbusha kwamba yeye alinunua nyumba yake bila tatizo hata dogo. Siri yake? "Nilimwachia wakili kazi yake, Desmond." Huo ndio ushauri wa mtu asiye na akili ya biashara.

Jumatano, 6 Februari
Mbinu yangu: kuwapigia mawakili simu nikijifanya tajiri anayenunua jumba la kifahari. Atakayeninyenyekea zaidi ndiye. Nikabana pua kidogo, nisikike kama mtu mwenye farasi. Ofisi ya kwanza: muziki, muziki, muziki, simu ikakatika. Ya pili, aliyoisifia wakala wa nyumba, kijana akaahidi kuna mtu atanipigia. Nani? Hakujua. Ya tatu alipokea wakili mwenyewe, Bi Entwistle. Akasema, "Achia pua, mheshimiwa, sikusikii."

Nikamfuta papo hapo. Glenys akamchagua papo hapo. Anasema anayepokea simu yake mwenyewe ndiye atakayejua faili letu liko wapi. Nimekubali, ila nimenuna.

Ijumaa, 8 Februari
Ofisi ya Bi Entwistle iko juu ya duka la pai. Harufu inamlegeza mteja. Nadhani ni makusudi. Yeye mwenyewe ni mwembamba, hacheki, na anavaa miwani miwili kwa zamu. Alisema sharti lake ni moja: kabla hatujamwambia mtu yeyote chochote kuhusu nyumba ile, tumuulize kwanza. Yeye na Glenys wakanitazama mimi. Sijui kwa nini.

Jumanne, 5 Machi
Bi Entwistle amepata majibu ya upekuzi wa kumbukumbu za nyumba. Ajabu! Kuna sheria ya kale kwamba nyumba zilizojengwa kwenye ardhi iliyowahi kuwa ya kanisa zinaweza kudaiwa matengenezo ya paa la madhabahuni. Tithe Lane imo! Lakini kanisa halijawahi kuandikisha dai hilo kwenye hati ya nyumba yetu, na tukinunua kabla halijaandikisha, tumepona. Kwa usalama inakatwa bima, bei yake kama pai chache. Watu hulipa, wanakaa kimya, maisha yanaendelea.

Pai chache! Kwa hatari ambayo huenda haipo kabisa! Jioni Royston akapiga simu, akasema yeye alilipa ya kwake bila kuuliza. Hapo ndipo nilipoamua silipi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kwa Kasisi Thwaite na keki ya limau. Lengo: kumzoea, kisha kumtoa kauli kwamba kanisa halimdai mtu. Hodi, hodi, karibu. Kumbe keki ameziacha kwa ajili ya Kwaresima! Nikala vipande viwili mwenyewe ili asione aibu.

Kisha, kwa ujanja mkubwa, kana kwamba nazungumzia mvua, nikauliza hali ya paa la madhabahuni. Akasema linavuja vibaya, wanakwaya wanaimba na makoti. Nikampa pole. Nikasema afadhali basi hakuna awezaye kuwadai wakazi wa Tithe Lane walitengeneze.

Kasisi akanisogelea.

"Wakazi wa wapi, ndugu yangu?"

Nikafafanua kidogo. Akaniomba nirudie polepole. Akaenda kutafuta kalamu. Mtu mpole sana. Ameniambia nimeletwa na Mungu. Nadhani mambo yamekwenda vizuri.

Ijumaa, 8 Machi
Yamekwenda vibaya.

Bi Entwistle, nilipomsimulia, anasema hakuna kampuni itakayompa bima mtu aliyekwisha kuligutusha kanisa. Ndilo swali la kwanza wanalouliza. Sasa kanisa linaweza kuandikisha dai kabla hatujanunua, na likiandikisha, benki haitoi mkopo. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu keki ilikuwa ya aina gani. Nikasema ya limau. Akasema, "Aha," akaandika.

Glenys aliinuka. Alipanda juu, akabandua ukutani picha ya jiko aliyoikata gazetini, akaifungia kabatini. Ningefurahi kama angenifokea. Nimemvunja moyo mke wangu kwa sababu ya pai chache. Nina huzuni kweli.

Jumapili, 10 Machi
Mbinu mpya: kwenda kanisani, kuimba kwa sauti, kuonekana mwema. Haikufaa. Kasisi alitangaza mimbarini kwamba Bwana ameonyesha njia kuhusu paa, na kwamba baraza la kanisa litaamua Jumatano kama lidai. Mzee Cuthbert, anayetuuzia nyumba, alikuwa kiti cha nyuma yangu. Wakati wa kutoka akanikanyaga mguu. Sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Jumatano, 13 Machi
Makubwa! Kumbe mama mkwe ni mjumbe wa baraza la kanisa! Siku zote nilidhani Jumatano anakwenda kucheza bingo.

Amerudi, akavua kofia, akasimulia akiwa amesimama. Aliwaambia wajumbe kwamba wakidai, nyumba imepotea, na Desmond anabaki chumba cha nyuma mpaka yeye atakapozikwa. Kisha akawauliza, mmoja mmoja kwa majina, nani yuko tayari kumchukua. Alipofika kwa Kasisi, mwenye nyumba ya vyumba sita, Kasisi akaanza kukagua viatu vyake. Kura zikapigwa. Hakuna hata mmoja aliyetaka kudai! Paa litatengenezwa kwa mauzo ya vitu vikuukuu.

Glenys alimkumbatia mama yake wakalia wote wawili. Mimi nikanyoosha mkono wa shukrani. Mama mkwe akaniwekea kikombe mkononi, nikioshe.

Nimefarijika mno. Pia nimeguswa kwamba baraza zima lilinifikiria kwa muda mrefu namna ile.

Ijumaa, 12 Aprili
Tumehamia! Kanisa liliandika barua kwamba halidai, benki ikaridhika, mikataba ikasainiwa, funguo tunazo. Glenys ameibandika picha yake jikoni na anaimba. Sijamsikia akiimba tangu harusi.

Bi Entwistle amepiga simu kutupongeza. Akakumbusha jambo moja. Kibaraza cha vioo cha nyuma Mzee Cuthbert alikijenga bila kibali cha halmashauri. Tusihofu, bima yake ipo. Glenys aliilipa kabla mimi sijasikia habari zake. Sharti ni kutomgusia mtu yeyote wa halmashauri. Glenys aliniapisha, akaniapisha tena, mkono juu ya friji.

Nimeapa kwa moyo mweupe. Lakini nimekaa kwenye kibaraza chenyewe, jua likiwaka, nikawaza. Je, kama halmashauri hawana neno nacho? Si tungerudishiwa hela ya bima? Glenys angefurahi kiasi gani! Royston angekosa la kusema.

Kwa hiyo Jumatatu, Glenys akiwa kazini, nitawapigia halmashauri niulize swali la jumla tu. Nimeshajifunza kuwa mwangalifu. Jina langu silitaji kabisa. Nitawaachia anwani tu, wapate pa kutuma majibu.