Kiti Kinachotikisika Si Changu

Mzee Zedekia Okello,
Nyuma ya kanisa, Pap Onditi.

Kwa Bwana Chifu Ondiek,
Ofisini kwako, karibu na soko.

Kwako Bwana Chifu, pamoja na karani wako na askari wako wote wawili,

YAH: KUNAKILIWA KWA KITI CHANGU NIKIWA HAI

Pokea salamu. Mimi nina miaka themanini na minne. Nimezika machifu watano wa lokesheni hii. Wewe ni wa sita na nakutakia afya njema. Mafuriko ya Nyando yalinikuta na yakaniacha. Daktari aliyeniambia niache chumvi amekwisha kufa, mimi bado nakula chumvi. Shule niliacha darasa la nne, si kwa kushindwa, ila mwalimu alikuwa amefika mwisho wa alichokijua. Nakueleza haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kuandika ovyo.

Kabla ya malalamiko, lazima ukijue kiti chenyewe, maana watu wengi hukaa maisha yao yote bila kujua wamekalia nini.

Kiti changu ni cha Kiingereza. Kilitengenezwa kwao, kwa mkono, na watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa. Mbao zake ni mahogani nyekundu. Hakuna msumari hata mmoja. Kila ungio ni ulimi umeingia ndani ya tundu lake na kunyamaza. Miguu ya mbele ni miguu ya tai, kucha zimeshika mpira. Mahali pa kuegemeza mikono pamekuwa peusi na kung'aa kwa viganja vya watu, kwanza vya Waingereza, halafu vyangu, na vyangu ndivyo vilivyofanya kazi kubwa. Weusi huo haununuliwi dukani.

Najua haya kwa sababu nilifanya kazi Koru, kwa Bwana Harding wa shamba la miwa. Kazi yangu ilikuwa kusugua samani kwa nta ya nyuki na kitambaa cha sufu. Mke wake alinifundisha kwamba ubao wa zamani hausafishwi, hulishwa. Niliulisha. Kulikuwa na meza pale ambayo ukiinama juu yake unaona umenyoa vibaya.

Uhuru ulipokuja, Bwana Harding aliuza vitu vyake kwenye nyasi mbele ya nyumba. Watu walikimbilia redio, sahani na beseni la kuogea. Mimi nikanunua kiti. Nikakibeba kichwani kutoka Koru mpaka hapa kwa miguu, kwa sababu makanga wa basi aliomba akikalie njiani. Ni mzigo pekee duniani ambao ukikuchosha unakupumzisha. Pale Awasi nilikiweka katikati ya soko nikakaa, watu wakaulizana kama mimi ndiye DO mpya wa tarafa. Sikutaka kuwavunja moyo.

Miaka yote hiyo kilikaa katika nyumba yangu ya udongo. Wakati mmoja mchwa walikula mguu wake wa nyuma, nikakipeleka Kisumu kwa marehemu Kartar, fundi ambaye hakuwa na mwenzake. Akakata palipoliwa, akapaka dawa, akanirudishia. Kikasimama kama askari wa gwaride. Naomba ukumbuke hapo, Bwana Chifu: katika nyumba ile kiti changu hakikutikisika hata siku moja.

Na hakuna mtoto wangu aliyekikalia. Mila unaijua, hata kama wewe ni wa siku hizi. Kiti cha mwenye boma hakikaliwi na mwanawe wakati mwenyewe anapumua. Mwana akikikalia, amesema kwa makalio neno ambalo mdomo wake unaogopa.

Sasa malalamiko.

1. Mwaka jana binti yangu Debra, anayefanya biashara ya samaki kule Asembo Bay, alinijengea nyumba ya mawe. Sakafu ni ya vigae, inang'aa mpaka kuku wanaogopa kuingia. Sikulalamika. Lakini tulipohamia tu, kaka zake Oduor na Opiyo wakaanza kubishana nani atarithi kiti. Walibishana matangani kwa jirani, chakula kikiwa mbele yetu, mimi nikiwa nimekikalia. Oduor alisema yeye ndiye mkubwa. Opiyo akasema mkubwa ameshapewa shamba la juu, asitake na pa kukaa pia. Mimi nilikuwa katikati yao natafuna nyama. Hakuna aliyeniuliza kama nina mpango wa kwenda mahali.

2. Debra akataka amani. Badala ya kuwachapa, alikipeleka kiti changu Kisumu kwa Satwant, mwana wa Kartar, ambaye amerithi karakana ya baba yake. Akaagiza vitengenezwe vitatu vya kufanana nacho: kimoja cha Oduor, kimoja cha Opiyo, kimoja chake. Alisema ni ili nitakapopumzika pasiwe na fujo. Bwana Chifu, mimi sijachoka. Sikuomba kupumzika.

3. Satwant amefanya kazi nzuri kupita kiasi. Hili ndilo kosa lake na nataka liandikwe. Amechonga kwa mkono kama wale wa zamani, ulimi na tundu, bila msumari. Kucha za tai amezitoa vilevile, hata ule mmoja uliomeguka. Hapo angeishia ningempa mkono. Lakini amechukua mbao changa akazipiga mnyororo ili zipate makovu. Amezipaka majani ya chai. Ametoboa kwa sindano vijishimo vya wadudu, wadudu ambao hawajawahi kuzaliwa. Mimi uzee wangu hakuna aliyenipiga mnyororo. Niliupata polepole, kwa jua na kwa kazi. Kama uzee unaweza kutengenezwa karakanani kwa majuma machache, mimi nilikuwa nasubiri nini miaka yote hii?

4. Viti vinne vililetwa pamoja kwa pikapu, vimefunikwa turubai. Nilimpigia Satwant simu nikamwuliza kipi ni changu. Akasema, "Mzee, chako utakijua mwenyewe." Nilichukua hilo kama heshima. Nikavipanga sebuleni, nikavizunguka, nikavinusa, nikavikalia kimoja kimoja. Vitatu vilitulia. Kimoja kikawa kinatikisika juu ya vigae, tak, tak, kama mbuzi kwenye bati. Hapo nikajua hicho ndicho nakala mbaya kuliko zote. Katika vile vitatu nilichagua kilichonipokea mgongo vizuri, nikasema hiki ndicho changu, na sijamwuliza mtu, maana mwenye mke hamwulizi jirani. Mke wangu Aloo alikuwa mlangoni anachambua omena. Aliniangalia, akaendelea na omena.

5. Tangu siku hiyo heshima imekwisha nyumbani kwangu. Zamani mgeni akiingia alijua pale pa kutokaa. Sasa hajui. Mchungaji wetu, Wakhungu, amekaa kwenye kiti changu na kuomba juu yake maombi marefu. Jumapili Oduor naye akaja, akakaa. Nikamwambia, simama, hicho ni changu. Akahamia kingine. Nikatazama vizuri kwa mwanga wa dirisha nikaona nilikosea, changu ni hicho alichohamia. Nikamwambia asimame tena. Akasema, "Baba, basi nionyeshe nikae wapi ili usife." Bwana Chifu, hilo ni neno la kumwambia mzazi? Opiyo alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Siku hizi nakaa kuanzia alfajiri na siinuki, maana nikienda msalani narudi nakuta viti vinanitazama vyote kwa sura moja. Miguu imevimba. Nakuandikia nikiwa nimekaa hivyo hivyo.

6. Namba sita nimeisahau, lakini ilikuwa nzito. Mwambie karani aiachie nafasi.

7. Jumamosi hii wanakuja wakwe. Ni ayie, siku ya kuikubali posa ya mjukuu wangu Lornah, binti wa Oduor. Wazee wa upande wa kijana watatoka Asembo Bay kuleta zawadi ya kwanza kwa mama wa Lornah. Wazee wale wana macho, na watu wao wana midomo. Mwenye boma hutambulikana kwa kiti chake. Wakikuta viti vinne sawasawa, watanitambua kwa nini? Kwa mvi? Oduor naye ana mvi. Watampa Oduor mkono kwanza, na mimi nitakuwa mzee fulani aliyekaribishwa chai katika boma lake mwenyewe. Huko ndiko kufa kwenyewe, Bwana Chifu, sema tu hakuna jeneza.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sioni kama kuna kubwa ndani yake.

Kwanza, Satwant aitwe hapa na patasi yake kabla ya Jumamosi, arekebishe nakala zilizobaki ili mtu yeyote aweze kuzijua akiwa mlangoni. Kucha za tai azibadilishe ziwe miguu ya bata. Mpira autoe kabisa, bata hashiki mpira.

Pili, itangazwe kanisani na sokoni kwamba katika lokesheni hii ni marufuku kunakili kiti cha mtu aliye hai. Mwenye haraka asubiri matanga yaishe. Na sheria hii ikishapita, iende mpaka kwa gavana, kwa sababu leo ni kiti, kesho watanakili kofia, keshokutwa utakuta mzee mwingine sebuleni kwako amepakwa majani ya chai anaitwa baba.

Tatu, na hili ndilo la muhimu. Kile kiti kinachotikisika nimekutumia leo asubuhi kwa pikipiki ya Griffins, kijana wetu wa bodaboda, kama ushahidi. Kikague mwenyewe. Utaona mguu mmoja wa nyuma ni mfupi, kazi ambayo Kartar akiwa hai asingeiachilia itoke mlangoni. Naomba kipasuliwe kwa shoka mbele ya baraza la Ijumaa, kila mtu akiona, na kuni zake zichemshe chai ya wazee. Sukari nitaleta mimi.

Nisalimie mama watoto wako, na mama yako mzazi, na karani, hata yule wa zamani aliyepoteza faili yangu ya shamba. Waambie wote Okello bado yuko na amekaa.

Wanaoweza kushuhudia kwamba niliyoandika ni kweli ni hawa: Mchungaji Wakhungu, ambaye alikikalia, Griffins, aliyekibeba, yule makanga wa basi la Koru, kama bado yuko hai, na mke wangu Aloo. Aloo amekataa kuweka kidole hapa chini. Anasema ana omena motoni.

Ni mimi mwenye boma,
Zedekia Okello

N.B. Barua hii imechelewa kidogo. Wanawake waliingia sebuleni kupanga mambo ya Jumamosi, kelele ikawa nyingi, nikabeba kiti changu mpaka ile nyumba ya udongo ambako siku hizi wanalala kuku, niisome tena kwa utulivu. Pale pembeni sakafu ina mashimo manne ambayo miguu ya kiti changu iliyachimba miaka ile yote. Matatu yana kina, la nne ni la juujuu, chini ya ule mguu aliokata Kartar. Nikaweka kiti mahali pake pa zamani. Kikainama upande kama mlevi. Nikadhani kuku wamefukua. Nikapima kwa kidole, hawajafukua. Nikabeba vile viwili vingine kimoja kimoja. Navyo vikainama.

Nikamwita Aloo. Anasema alijua tangu siku ya pikapu. Nikamwuliza mbona hukusema. Anasema hakuulizwa.

Bwana Chifu, usikipasue. Shoka lirudishwe ndani. Satwant asisumbuliwe; kazi yake nimeichunguza upya na siioni dosari, isipokuwa kwamba viti vyake vinakaa vizuri kuliko changu, na hilo tusilitangaze. Griffins anakuletea barua hii na atarudi na kiti. Kisifungwe kamba miguuni, kifungwe kiunoni.

Sakafu ya vigae nimeishughulikia. Nimewaambia Oduor na Opiyo wang'oe vigae vya pembeni, wajaze udongo, wachimbe mashimo manne, matatu ya kina na moja la juujuu. Wanachimba sasa hivi, wote wawili, wamepiga magoti wanapimiana kwa vidole, na sijasikia wakibishana. Debra bado yuko sokoni, hajui. Kwa hiyo Jumamosi wakwe watanijua bila kuuliza: mimi ndiye yule mzee aliyepandwa.

Na kama unayasoma haya ukiwa umekaa, angalia kwanza umekalia nini. Kama kinatikisika, simama.