Kuyaaga Masale Yanayokwenda Mahakama ya Rufani

Ndugu Katibu Kata wa Chama, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mwinjilisti wetu, Shehe Saidi, mabalozi wa nyumba kumi kumi, uongozi wa duka la ushirika, mliofika wenyewe na mliotuma watoto, Bwana asifiwe, asalaam aleikum, wakubwa shikamooni, na wadogo marahaba, maana najua mlikuwa mbioni kuniamkia. (Kicheko.) Uhuru! (Na kazi!)

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kusukuma Rufaa hapa Mgwashi, na zaidi ya yote mama mzazi wa Mika, ambaye kama yupo asiyejua basi leo ajue, yuko Dar es Salaam kwenye Mahakama ya Rufani yenyewe, geti la mbele, jaji haingii mpaka mwanangu afungue, nasimama kwa unyenyekevu mkubwa...

("Mama Mika, tunanyeshewa!")

Nimeleta mvua mimi, Halima? Kaa. Kama mnavyofahamu, Dorkasi wetu, mjane wa marehemu Kristofa, anagombania shamba na shemeji yake Rubeni, na shamba hilo likienda, yeye na wanawe hawana pengine pa kupanda hata hindi. Kesi iko Mahakama ya Mwanzo, kwa hakimu ambaye simsemi vibaya, lakini anaulizauliza mno. Kamati yangu ikaketi, koramu ikatimia, ikaona kimpango na kiutaratibu, ya nini Mwanzo, kisha Wilaya, kisha Mahakama Kuu, kama mtu anayepanda kutoka Mombo kwa miguu, na mwanangu yuko juu kabisa? (Makofi ya Rubeni.)

Mika alipokuja Krismasi alinieleza. Huko majaji huketi watatu. Hawamwiti shahidi upya, hawaji kukanyaga shamba la mtu. Wanachukua rekodi yote iliyoandikwa chini, wanapekua kama sheria ilifuatwa, wakiona wa chini kateleza wanatengua, na wakishasema wao, hakuna mwingine wa kumlilia. Mtoto kaniambia hayo huku anakula, bila kusoma popote! (Makofi machache.)

(Dorkasi anasimama: "Sasa kama hawatazami mpaka, Mama Mika, masale yangu mmeyang'oa ya nini?")

Swali zuri sana, mwanangu, ndiyo maana sikulipangia muda. Ndugu wananchi, jana, kwa nguvu za kujitolea, kamati iling'oa masale yote ya mpaka aliyopanda baba mkwe wake Dorkasi kwa mkono wake, kuanzia mtoni hadi barabarani, na ndiyo haya mezani, yamefungwa kwa kamba iliyotolewa na Rubeni mwenyewe kwa moyo wa ujamaa. Utekelezaji ni asilimia mia moja na kumi. Ile kumi ni ya jirani Rajabu, tusamehe, Rajabu, kulikuwa na ukungu. ("Nitasamehe yakirudi!") Majaji wakiyaona, nani atabisha? Mika atayapokea getini.

Kabla sijashuka, natoa shukrani. Nawashukuru kina mama mlioyabeba. Namshukuru dereva wa basi la Lushoto, aliyekataa kuyapakia kwa lugha ya heshima. Na kwa namna ya pekee namshukuru hakimu wetu wa Mahakama ya Mwanzo, aliyeleta salamu kwamba kesho asubuhi anapanda huku na wazee wa baraza wake, auone mpaka kwa macho yake, ndipo aandike hukumu.

("Kumbe hukumu bado?" anauliza Rajabu. "Sasa mnakata rufaa ya nini?")

Kamati haikutaka kusubiri mambo madogo madogo, Rajabu. (Dorkasi anakuja mezani, anafungua kamba, anajitwisha mzigo.) Dorkasi, acha, hiyo ni mali ya rufaa! (Dorkasi hageuki. Halima anamfuata na jembe.) Haya, tufunge mkutano kwa heshima zote. Rufaa! Nasema, rufaa!

(Rubeni, peke yake: "Juu!")

Asanteni kwa kunisikiliza. Dorkasi! Nisubiri, mwanangu, nichukue jembe. Unakumbuka yalikuwa yamekaa wapi?