Bampa Lenye Mabawa

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimeanza kujenga ndege. Si ya mchezo. Ya kupandwa na mtu.

Sikukurupuka. Nimelifikiria jambo hili tangu jana jioni. Kwa miaka mingi nimetengeneza mabampa ya matatu kwa faiba, yaani nyuzi za kioo na gundi, hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, na hakuna bampa langu lililopasuka bila kugongwa. Na ndege ni nini? Ni bampa refu lenye mabawa. Nimetazama video ya Mzungu mmoja aliyejenga yake nyumbani. Anachonga povu gumu jeupe, anavika kitambaa cha faiba, anapaka gundi, anaruka. Spika ya simu yangu imekufa, hivyo sikusikia maneno yake. Hayakuhitajika. Fundi huona kwa macho.

Mke wangu Kalondu ameuliza itarukia wapi. Nimemwambia barabarani, Jumapili alfajiri, kabla ya magari. Ameuliza itatua wapi. Kuna watu wanaopenda kutafuta matatizo.

Jioni binti yetu Kaveke alipita akitoka kazini, kwenye duka la dawa kule mtaa wa Ayany. Amenikumbusha kwamba Jumamosi ya wiki ijayo wazazi wa mchumba wake, Victor, wanakuja kutoka Kibera na mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba haitambui ndoa. Wageni watakaa uani. Ameomba ua uwe mtupu na mimi niwe mtulivu. Mchumba wa kwanza alileta wazee wake siku niliyokuwa nikijaribu mashine yangu ya kupukuchua mahindi. Gunzi lilimpata mjomba wa watu kwenye paji la uso. Hawakurudi.

"Baba," ameniambia, "hawa nao wakiondoka hivyo, mimi sitaleta wengine."

Macho yake hayakuwa ya mzaha. Nimeahidi kwa moyo wote. Kufikia Jumamosi hiyo ndege haitakuwa uani. Itakuwa angani.

Alhamisi, 7 Mei

Povu nimelipata bure, lile linalofungiwa friji mpya. Wauzaji walifurahi kuniona nikilibeba. Nimelikata kwa waya wa moto uliounganishwa na betri ya gari. Kiwiliwili kimetoka kizuri, mfano wa samaki aliyeshiba. Viti viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma.

Walubengo, mchomelea vyuma tunayegawana naye ua, amesimama na miwani yake myeusi akaniuliza kama marehemu alikuwa mrefu sana. Nikaendelea kukata.

Saa sita nikapaka gundi kwenye bawa la kwanza. Balaa! Bawa likaanza kunong'ona. Kisha likabonyea. Kisha likaisha, kama sukari ndani ya chai. Nimebaki na kitambaa kilicholowa na harufu.

Nilijua mara moja ni nani. Nikamshtaki Walubengo kwa Njambi, msimamizi wa ploti, kwamba amemwagia bawa langu tina ya kuyeyushia rangi usiku. Njambi alikuja, akasikiliza pande zote mbili, akachukua kipande cha povu safi akakitumbukiza kwenye mkebe wangu wa gundi. Kikayeyuka mbele ya mashahidi. Walubengo akaniuliza kwa upole kama nilitaka kushtaki na mkebe.

Huenda yule Mzungu alisema kitu kuhusu aina ya gundi. Angeonyesha kwa vidole.

Jumapili, 10 Mei

Sikwenda kanisani. Nimemtuma Kalondu aseme nina mafua. Amekataa kusema uongo, lakini ameahidi kutosema lolote, jambo ambalo kwake ni gumu zaidi.

Nimepata dawa ya tatizo! Povu haliipendi gundi? Basi visionane. Nimelifunika lote kwa karatasi za pakiti za unga, zilizobandikwa kwa uji mzito wa ngano, na juu yake utepe wa kufungia maboksi. Kisha faiba. Kisha gundi. Limetulia tuli. Unga ulikuwa wa chapati za leo. Tumekula ugali na hakuna aliyezungumza nami.

Sasa ndege ina ngozi. Ubavuni yanaonekana kwa mbali maneno "kilo mbili". Nitayapaka rangi, abiria wasije wakadhani ndio uzito unaoruhusiwa.

Jumatano, 13 Mei

Mvua. Gundi haikauki. Kila fundi wa mabampa anajua la kufanya wakati wa masika: unaongeza dawa ya kukaushia. Nimeongeza maradufu. Ndoo ikatoa moshi, ikalegea, ikakaa chini kama mtu aliyechoka. Lakini mkia umekauka kama jiwe. Kwa hiyo kanuni ni sahihi. Ndoo ndiyo dhaifu.

Habari mbaya: familia ya Victor imemchagua msemaji wa kuwaongoza siku ya Jumamosi. Ni mtu wa kwao Bungoma, anayeifahamu Kawangware. Walubengo! Amenipa habari hiyo mwenyewe huku akitabasamu hadi magego. Nafasi ya binti yangu iko mikononi mwa mtu aliyeifananisha ndege yangu na jeneza.

Ndege haitakuwa angani. Injini yenyewe bado iko kwenye pikipiki ya binamu yangu Kilonzo, na Kilonzo bado yuko juu ya pikipiki. Ningeweza kuivunja ndege, ua uwe mtupu. Nimelitafakari hilo kwa muda mfupi sana. Badala yake nina mpango. Mabawa nimeyapandisha juu ya paa. Kiwiliwili nitakifunika turubai, na Kaveke nimemwambia ni meza ya heshima. Wageni wakishaketi, turubai litafunguka, na ndani nitakuwemo mimi, nikiwa na suti. Ni mzazi gani atakayekataa kuposa kwa mjenzi wa ndege?

Jumamosi, 16 Mei

Ninaandika nikiwa nimelala kifudifudi. Sababu itaonekana.

Asubuhi niliona viti havijang'aa. Nikavipaka gundi mara ya mwisho, dawa maradufu kwa ajili ya mvua. Kilipoonekana kimekauka cha mbele, nikaketi, Kalondu akanifunika huku akisema maneno ya Kikamba nisiyoyaandika. Wageni walitarajiwa saa nne. Walifika saa saba. Kuanzia saa nne u nusu kiti kilipata joto. Nilidhani ni hofu.

Mwishowe nikasikia vigelegele, mbuzi wakilia, viti vikiburutwa. Nikalitupa turubai, nikainuka kwa heshima kuwapokea. Nikafika nusu. Suruali ilibaki kitini, nami nilikuwa ndani ya suruali. Nikaketi tena.

Wageni wote wamesimama, na mwenye binti ameketi, tena ndani ya kitu ambacho bado kimeandikwa kilo mbili. Mzee Wakoli, babake Victor, alikunja uso. Kaveke aliniangalia mara moja tu, kisha akatazama chini. Hapo ndipo nilipotamani kweli kuwa angani.

Walubengo alinitazama mimi, akaitazama suruali, akaelewa yote. Miaka yote ameisubiri siku kama hiyo. Akakohoa.

"Wazee wangu," akasema, "msishangae. Kwa Wakamba hawa wa zamani, baba wa binti hainuki mpaka maneno yaishe. Akiinuka, amekataa posa."

Hakuna desturi kama hiyo popote Ukambani. Shemeji yangu Mulei kutoka Kitui alifungua mdomo. Kalondu alimkanyaga mguu.

Mzee Wakoli akafikiri. Akasema kwamba kwao nako mgeni hazungumzi akiwa amemsimamia mwenyeji kichwani. Akapanda ndege, akaketi kiti cha nyuma. Kile cha nyuma hakikuwa kimekauka hata kidogo. Ningeweza kumwonya. Lakini kumwonya kuhusu kiti chake kungekuwa kumweleza kuhusu changu. Nilimkaribisha.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, mimi nikitazama mbele na yeye akizungumza na kisogo changu. Tukakwama mahali pa harusi. Yeye Bungoma, mimi Kawangware. Sauti zikapanda. Akasema kama ni hivyo yeye anaondoka na mbuzi wake, akainuka kwa ghadhabu, na ndege ikainuka naye!

Upande wa nyuma tu, kiasi cha shubiri. Lakini naandika kwa fahari: magurudumu yaliacha ardhi, nami nikiwa rubani.

Ikashuka. Mzee Wakoli akapapasa nyuma yake, polepole.

"Musembi," akauliza, "na wewe?"

"Tangu asubuhi," nikasema.

Alicheka mpaka mkia ukatikisika. Kaveke naye akacheka, huku machozi yakimtoka, kwanza ya aibu, kisha ya furaha. Watu wawili ambao hakuna kati yao awezaye kuondoka hukubaliana upesi. Harusi itakuwa Kawangware, sherehe Bungoma, mwezi wa Agosti. Mbuzi wamepokelewa. Walubengo akaleta grinda yake ya kukatia vyuma na kututoa, mmoja baada ya mwingine, tukiwa tumejifunga leso za Kalondu. Ngozi ya upande wa nyuma itarudi, nimehakikishiwa.

Jumatatu, 18 Mei

Kaveke amekuja kunishukuru na kunionya. Amenishika mikono yote miwili akaniomba niape kwamba sitajenga chochote mpaka harusi ipite. Chochote, Baba. Nimeapa. Binti mmoja, na nusura nimpotezee mume. Kiapo hicho nitakitunza.

Mzee Wakoli amepiga simu mchana. Anauliza kama ndege ya watu wanne inawezekana, maharusi waende nayo Bungoma.

Walubengo ameanza kuijenga saa tisa. Mimi sijengi. Ninaelekeza tu, kwa kidole, nikiwa nimesimama.