Miguu yangu kwenye maombi ya Mama Chantal

Jamani, leo nimeaibika. Nawaandikia haraka mwenyewe kabla video haijawafikia.

Asubuhi hapa Greyville, Durban, imenyesha mvua ya mawe. Si yale mawe madogo ya kuchekea. Makubwa kama mayai! Dakika kumi tu, uwanja wote mweupe, baridi inauma meno, na mabati ya chumba cha Mama Chantal yametoboka.

Mama Chantal ni jirani yetu wa mlango wa pili. Ana mtoto wa wiki tatu. Maji ya barafu yalikuwa yanamwagika juu ya kitanda cha yule malaika, na baba yake alikuwa kazini Isipingo. Basi majirani wote tukatoka. Gogo Thandi, bibi wa Kizulu wa nyumba ya nyuma, alileta mablanketi. Mke wangu, Mama Neema, alipika sufuria kubwa ya uji. Mzee Idrisa, aliyezaliwa hapa hapa Durban, alileta ngazi na turubai.

"Sasa nani anapanda?" akauliza Mzee Idrisa. "Mimi magoti yamekwisha."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Nipe ngazi, mzee. Mimi Lubumbashi nilipaua nyumba nzima."

(Ukweli: nilimshikia mjomba misumari. Nusu siku. Hapa Durban kazi yangu ni kubadilisha vioo vya simu.)

Mke wangu akanitazama. "Papa Neema, wewe?"

"Mama, acha wanaume wafanye kazi!"

Mjue pia kwamba suruali yangu ilikuwa imelowa yote nilipokuwa nabeba magodoro. Nikakimbilia kwetu, nikavaa kilichokuwa kikavu: taiti ya mke wangu. Ya pinki. Ina vipepeo. Nikajifunga taulo juu yake. (Nilijiambia, nani atanitazama huko juu?)

Nikapanda na turubai begani. Nilipofika juu, taulo likanaswa kwenye msumari likabaki hapo. Sikujali. Kule chini wanawake walikuwa wamemhamishia mtoto sebuleni, sufuria ya uji ikiwa katikati, na Gogo Thandi akaanzisha maombi. Nilikuwa nawasikia vizuri kabisa. Mtoto analia, Gogo anaomba kwa Kizulu, mke wangu anafasiri kwa Kiswahili kwa sauti ya kutetemeka.

"Bwana, huyu mtoto anapata baridi!"

"Amina!"

Mimi huku nikapiga hatua moja. Mabati yalikuwa bado yamejaa mawe ya barafu. Eish! Nilikuwa kama mtu aliyesimama juu ya gololi. Nikateleza, nikapita tundu la chumbani, nikapita turubai lililonitoka mkononi, nikaenda kukanyaga bati moja la zamani, lililooza, juu ya sebule.

"Bwana, fungua mbingu, tuteremshie msaada!"

KRAAA!

Nikazama hadi kwapani. Kiwiliwili juu ya paa, miguu darini, inaning'inia katikati ya maombi. Ndala moja ikanitoka. Nikasikia: *chubwi*. Ndani ya uji.

Mtoto akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Halafu sauti ya Mama Chantal, taratibu: "Iko nini hii?"

Nilirusha miguu nitafute pa kukanyaga. Ikawa mbaya zaidi. Kumbe ilionekana kama nacheza, na mtu alikuwa ananirekodi kwa simu.

Ndipo mke wangu akasema, "Hiyo taiti ni yangu."

Jamani! Vicheko vile! Mama Chantal alicheka mpaka akamwomba mtu amshikie mtoto. Walinivuta chini watatu, na vumbi la dari nusu kilo kichwani. Sikuumia, nimechubuka mbavu tu. Na heshima.

Nyumba sasa ilikuwa na matundu mawili, na mawingu yalikuwa yanarudi. Gogo Thandi alivaa gambuti zake, akapachika misumari mdomoni, akapanda. Kumbe marehemu mumewe alikuwa fundi wa paa na walifanya kazi pamoja miaka yote! Robo saa, matundu yote yamefunikwa. Aliposhuka aliniuliza kwa upole kabisa, mke wangu akifasiri, "Mwanangu, kwani huko Lubumbashi nyumba hazina paa?"

Mama Chantal na mtoto wamehamia kwetu mpaka mabati mapya yapatikane. Wamelala kitandani kwangu, wana joto, wamenyamaza. Mimi niko chini jikoni, kwenye mkeka, nawaandikia.

Mkikutana na mke wangu saluni, tafadhali ulizeni habari za mtoto tu.