Sauti ya Haldane Hapa Malaba

Jumanne, 8 Julai 2025

Aibu! Miaka tisa nimeshika maiki ya kibanda cha video cha Mama Roselida hapa Malaba, nikiwatafsiria madereva wa malori muvi za makauboi huku wakingoja makaratasi yao ya mpakani yatoke. Leo mama ananiambia amepata DJ mwingine. Quinton! Mtu wa Busia, wa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ati wiki hii tutapokezana, halafu Jumapili madereva waamue nani abaki na maiki.

Huyu mama hajui mimi ni nani. Ama anajua sana, na ndiyo shida.

Jumatano, 9 Julai

Quinton ametafsiri muvi ya kung fu. Watu wamecheka. Mimi sijacheka. Nimekohoa kwa nguvu kila alipofika mahali patamu, hadi dereva mmoja, Omagor, akanihurumia na kunipa dawa ya kifua. Nimeimeza. Ilikuwa chungu.

Lakini siku yangu inakuja, na siku yangu ni ya Wade Haldane. Muvi zake zote kumi na moja ninazo kwa flashi. Kwao Amerika huyo jamaa hakuwa kitu. Kazi yake ilikuwa kumshikia farasi nyota wa muvi, halafu anapigwa risasi kabla hujaketi vizuri. Akakataa madharau, akapanda ndege, akaenda Italia. Huko wakamvika kofia, wakamwambia asinyoe ndevu, akawa mkubwa! Muvi ya kwanza anaua watu wanne. Ya tano, arobaini. Ya kumi na moja tumbo limetoka na farasi anaonekana ameonewa. Lakini sauti yake hutaisikia hata siku moja. Waitaliano walimwekea sauti ya mtu mwingine. Nikifikiria hilo nasikia uchungu kabisa. Ndiyo maana nasema: hapa Malaba, sauti ya Haldane ni mimi.

Kiitaliano sijui hata neno moja. Naandika tu hapa, kwani nani atasoma?

Alhamisi, 10 Julai

Msiba! Nimeweka muvi ya tatu ya Haldane, na Quinton ametangaza mbele ya watu kwamba mimi natunga. Ati amesoma kwa simu, na katika muvi hiyo hakuna mahali Haldane anazuiliwa mpakani siku nne kwa sababu ya muhuri. Nikamwuliza, basi mbona amekunja uso hivyo? Madereva wakasema ni kweli, huo ni uso wa mtu amezuiliwa. Lakini Mama Roselida akaniangalia vibaya. Akasema yeye ni mtu wa kanisa, hataki uongo kwa kibanda chake. Ikijulikana natunga, nirudi kwetu Bukhayo nikalime.

Kulima! Mimi!

Ijumaa, 11 Julai

Akili ni nywele, na zangu hazijaisha. Kule Amukura kuna Mzee Paulinus, alikaa Roma miaka minne akiwapikia mapadre. Kiitaliano anakiongea hata akifukuza kuku. Nimempelekea sukari kilo mbili na majani chai. Mpango ni huu: Jumapili aketi mbele, mimi nitafsiri, yeye aitikie kwa kichwa. Basi. Nimemwonyesha hata mahali pa kuitikia. Akasema sawa, mwanangu. Akauliza kama kuna kiti chenye mgongo. Nikamwambia nitakileta mwenyewe.

Quinton kwisha!

Jumapili, 13 Julai

Sina nguvu ya kuandika.

Kibanda kilijaa hadi mlangoni. Nikaweka muvi ya tano, nikatoa ile sauti nzito. Haldane yuko makaburini, anamlilia mkewe aliyefia Eldoret. Dereva mmoja anafuta macho. Nikamgeukia Mzee Paulinus aitikie. Mzee akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya kusomea injili kwamba hapana, huyo anauliza bei ya nyumbu.

Quinton akapiga makofi. Nami nikaruka mbele nikaweka kidole kwenye mdomo wa Haldane. Tazameni! Mdomo unasema Kiingereza, sauti inasema Kiitaliano, na haviendi pamoja. Hata Waitaliano walitunga! Omagor akasema kweli jamani, hata wenyewe walitudanganya. Madereva wakaanza kunishangilia. Nilikuwa nimeshinda. Woi, nilikuwa nimeshinda kabisa! Kwa furaha nikampa Mzee maiki, aseme tu kwamba ni kweli.

Akasema ni kweli. Maiki hakurudisha. Akaendelea: hapo sasa wameketi kula, na hicho kilicho kwa sufuria ni unga wa mahindi, yeye mwenyewe alikuwa akiwasongea mapadre. Omagor akasimama. Makauboi wanakula ugali? Mzee akajibu ni ugali, tena mwepesi, haujaiva. Kibanda kizima kikalipuka! Kutoka hapo hakuna aliyetaka habari za bunduki. Mzee, na hiyo ni nini? Hiyo ni maharagwe, lakini mpishi amesahau chumvi. Haldane aliua watu wake arobaini na hakuna aliyemwona.

Mama Roselida alicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Akasema sasa huo ndio ukweli. Madereva wakaamua: maiki ni ya Mzee Paulinus. Quinton ameachiwa kung fu ya Jumatano. Mimi nimeambiwa niwe nikimbebea Mzee kiti.

Kiti nilicholeta mwenyewe! Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeshinda nyumbani. Nikaweka muvi ya kumi na moja, nikazima sauti, nikamsemea Haldane peke yangu hadi mwisho. Alikuwa amezuiliwa mpakani tena. Nimelia kidogo.

Jumanne, 15 Julai

Nimefikiria sana, na kosa nimeliona. Nilichagua shahidi mcheshi. Shahidi anatakiwa awe mtu mkavu.

Na Quinton naye, Kichina amejifunzia wapi? Hajui! Kule Khunyangu kuna mwalimu anaitwa Alaso, alisoma China miaka mitatu, hacheki hata ukimtekenya. Leo nimempelekea sukari. Kesho ataketi mbele, Quinton atafsiri uongo wake, mwalimu amwumbue, na Jumatano iwe yangu. Amekubali bila shida. Ameniuliza tu kama kuna maiki. Nimemwambia ipo, nitampa aishike kidogo.