Mtunza Jiwe

Jumatatu, 4 Machi
Injinia mpya kafika na mtambo wake. Unapima visima vya mafuta kwa mionzi, kama Jiwe letu, ila mionzi yake ni ya umeme. Ukizima swichi, imekwisha. Jiwe halizimiki. Linatoa mionzi mchana na usiku, hata tukiwa kwenye ibada. Mimi ndiye mtunzaji wake. Mtambo ukishinda, ghala la Jiwe linafungwa, nami nitabaki kutunza nini? Kufuli? Nimesali.

Jumatano, 6 Machi
Bosi ataamua kati ya Jiwe na mtambo kwa vibeji vya kifuani, vile vinavyoonyesha mtu amepata mionzi kiasi gani. Vyetu na vya kundi la Injinia. Hapo nikapata wazo, nadhani kutoka juu. Nimekusanya vyetu vyote, nikavifungia kabatini ofisini, mbali na Jiwe. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye mshika koleo, hulibana Jiwe nalo kulitoa sandukuni na kulirudisha. Akauliza, likitokea la kutokea tutajuaje. Nikamwambia aache woga wa bibi harusi. Akacheka. Ananiamini, maskini.

Ijumaa, 8 Machi
Koleo limeteleza. Jiwe likabingirika kuelekea mdomo wa kisima. Shemeji akalidaka kwa mkono, akalishika mpaka sanduku lilipoletwa. Jiwe zima, alhamdulillahi. Nimemsihi asimwambie mtu hadi Bosi aamue.

Jumanne, 19 Machi
Vibeji vyetu vimesomwa: safi, kama vimetoka dukani leo. Bosi amenipa mkono. Injinia amenuna, nikamwonea huruma kidogo.
Mkono wa Shemeji umevimba na kutoa malengelenge. Daktari anauliza alipata mionzi kiasi gani, ajue aanzie wapi. Kibeji kinasema hakupata kitu. Daktari amempa dawa ya kuungua moto.
Shemeji akanivuta karibu na kitanda. "Shemeji, waambie ukweli. Mkono unanioza."
Nikamwambia avumilie, Bosi hajatia sahihi.

Jumatatu, 22 Aprili
Wamemkata vidole vyote vya mkono wa kulia. Mke wangu ameeleza kila kitu kwa Injinia, na sasa analala kwa mama yake. Bosi amechagua mtambo. 
Nimewaza sana. Umeme ukikatika je? Lazima Jiwe moja libaki la akiba, na mtunzaji wake. Bosi ataelewa hasira zikishuka. Tatizo ni mshika koleo, wote wamekataa.
Leo nimempelekea Shemeji matunda. Alikula kwa mkono wa kushoto, bila kunitazama. Hadondoshi hata kipande. Mungu hamnyimi mja wake vyote.
Kesho nitamwingia taratibu.